Kinu Nyuma ya Miti

Gudrun alikuwa hatulii. Alikamua ng'ombe, akarudi jikoni, akatoka tena kukitazama kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Kilisimama nyuma ya nyumba, kimekingwa na safu ya miti. Mapanga yake yalizunguka kidogo, yakatikisika, yakasimama.

"Thyge, kinu chako kimelala," alimwambia mumewe.

"Kinapumzika."

"Tangu Pasaka?"

Gharama ya umeme wa kupoza maziwa ilikuwa inawamaliza. Kinu kisipofanya kazi kabla ya majira ya baridi, ng'ombe wangeuzwa, na Gudrun aliwapenda ng'ombe wake. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Akamwita jirani yao Asger, mhunzi aliyeunda vinu kadhaa huku magharibi mwa Jutland, Denmark. Asger alipofika alicheka.

"Nani kakificha huku?"

"Mimi," Thyge alisema. "Dhoruba zetu unazijua. Hapa kila kitu tunakijenga nyuma ya miti."

"Banda la kuku, sawa. Lakini kinu kinakula upepo, ndugu yangu. Umekinyima chakula."

"Basi tuikate miti," Gudrun akasema. Alishaanza kwenda kuchukua shoka.

"Ngoja, mama. Miti inashika udongo wenu. Kinachohama ni kinu."

Asger akarusha tiara. Kamba yake alikuwa ameifunga vitambaa kila baada ya hatua chache. Nyuma ya miti, vitambaa vya chini vilipapatika ovyo. Wakaenda kilimani, katikati ya shamba la shayiri. Huko vilinyooka karibu vyote.

"Umeona? Nyuma ya miti upepo unavurugika. Unayapigapiga mapanga bila kuyasukuma. Tena kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nane. Weka kinu hapa, na mlingoti upite urefu wa miti mara mbili."

"Na dhoruba?" Thyge aliuliza.

"Kitie breki. Upepo ukizidi, kinajifunga chenyewe."

"Mlingoti katikati ya shamba! Nitalimaje?"

"Utauzunguka," Gudrun alimjibu.

Walikihamisha baada ya mavuno. Oktoba dhoruba ikaja, na Gudrun akashinda dirishani roho mkononi. Breki ikakifunga kinu. Upepo ulipopungua, kikaanza tena, na mashine ya kupoza maziwa ikaendelea kunguruma kwa umeme wao wenyewe.

Novemba mnunuzi wa ng'ombe alifika na lori.

"Unaniuzia wangapi?"

"Hakuna," Gudrun alisema. "Samahani kwa safari."

Mnunuzi hakukasirika. Alisimama uani akikitazama kinu kule kilimani.

"Changu kiko nyuma ya banda," alisema. "Mlingoti ule una mita ngapi?"