Simu Iliyoongelea Saluni

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kupinda: suruali ndefu, mapazia, sare za shule. Alishona kutwa nzima, mgongo ukimuuma na macho yakimwasha. Chumba chake na saluni ya jirani vilitenganishwa na ukuta wa mbao.

Alasiri moja simu iliita. Alikuwa bintiye, aliyeolewa mtaa wa pili. Mama Pindo akaiweka simu sikioni, mashine za kukausha nywele zikivuma upande wa saluni. Ndani ya simu, kimya. Akaita haloo, haloo, asijibiwe. Mtandao tena, aliwaza. Akajikokota hadi nje, akavuka barabara, ndipo sauti ikaja.

"Umenisikia, mama?"

"Sijasikia hata neno. Anza upya, mwanangu."

Binti akaeleza kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia. Mumewe alikuwa amempiga tena. Jumamosi, mume akishatoka kwenda kazini, yeye angembeba mtoto wake aje nyumbani. Mama asimwambie mtu yeyote. Mama Pindo akamwambia aje tu, chumba ni kidogo lakini watabanana.

Jumamosi ilipita, binti hakutokea. Jioni alipiga kwa simu ya mpangaji mwenzake. Mumewe hakwenda kazini. Alikuwa ameketi mlangoni kutwa, na simu ya binti ameichukua.

"Mama, nilikwambia wewe peke yako," alisema, akakata.

Jumatatu Mama Pindo alikaa mbele ya cherehani bila kushona chochote. Msusi wa saluni akaingia, akavuta kigoda.

"Dada, nimesikia mwanao alizuiwa kutoka Jumamosi. Hakusalitiwa na wewe. Ni spika yangu."

Akasimulia. Siku ile sauti ya binti ilitokea kwenye spika ya saluni, ile isiyo na waya. Yeye alikuwa akimwosha mteja kichwa, mikono imejaa povu. Mpaka aifikie kuizima, binti alikuwa ameshasema yote, na wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa pale kitini akisubiri kusukwa. Huyo ndiye aliyempelekea kaka yake habari. Msusi alikuwa ameona aibu kuja kumwambia mapema.

"Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu," Mama Pindo alisema.

"Unakumbuka simu yangu ilipoisha chaji, tukapiga nyimbo zako kwenye spika yangu? Simu ikishaungana na spika kwa blutuu, inaikumbuka. Zikiwa karibu, na blutuu imewashwa, inajiunga yenyewe. Mbao hazizuii. Wewe unasikia kimya, sisi tunasikia mazungumzo yako."

Mama Pindo alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Akamwomba amwonyeshe. Msusi akafungua mipangilio ya simu, akagusa jina la spika, akachagua kuisahau. Kisha akazima blutuu. Akamwambia kwamba siku nyingine akipokea simu na asisikie kitu, asitembee nayo ikiwa wazi. Akate kwanza, aangalie kama imeungana na kifaa kingine. Na kabla ya kuzungumza jambo la siri, amuulize mwenzake yuko na nani, na yeye mwenyewe atazame nyuma yake.

"Na sasa nampigiaje?" Mama Pindo aliuliza. "Simu yake anayo mume."

"Hatupigi. Tunakwenda."

Wakafunga milango yote miwili, wakaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Walizungumza naye ana kwa ana, mlango umefungwa. Afisa akaita askari wa kike, wakaongozana hadi kwa binti. Mkwe alijibu kwa upole mno, kama mtu asiyejua kukunja ngumi. Askari akamwamuru arudishe simu. Binti akatoka na mtoto mgongoni na begi moja.

Nyumbani, mama alimweleza habari ya spika. Binti akafungua simu yake mwenyewe. Ilikuwa inakumbuka redio ya gari la mumewe na spika ya sebuleni kwao. Akazifuta zote mbili, taratibu. Kisha akamlaza mtoto, akajinyoosha kando yake.

"Nilikukasirikia, mama. Nilidhani ni wewe."

"Najua," Mama Pindo alisema, akimfunika. "Lala sasa."