Kilichosukumwa Bustanini

Asubuhi hiyo bustani ilikuwa safi, na hilo ndilo lililomkosesha Nereah raha. Miaka yote alizoea kukuta mifuko ya uchafu imetupwa juu ya maua na nepi zimening'inia kwenye miche, naye akiokota huku akiwatukana majirani kimoyomoyo. Leo hapakuwa na hata ganda la ndizi. Hata kunguru hawakutua. Kilichokuwepo ni harufu, ya tope bichi na samaki aliyeoza, ilhali mvua haikuwa imenyesha.

Kipande hicho cha ukingo wa mto, kati ya mitaa ya Mashimoni na Gatwekera, zamani kilikuwa jaa. Nereah na akina mama wenzake walikisafisha kwa mikono, wakapanda miti, wakachonga njia na kuweka benchi, ili watoto wapate pa kuchezea. Celine, bintiye wa miaka saba, alijifunzia kutembea hapo. Mwenyekiti wa eneo alikuwa akikimezea mate kitambo ajenge vibanda. Alingoja tu watoto waache kuja.

Na waliacha. Jioni Nereah akamfuata Musyoka, muuza maji jirani yake, akambana.

"Musyoka, sema ukweli. Mbona watu wanapitia mbali na bustani?"

Musyoka alipunguza sauti. "Mama Celine, ile Jumapili ulikuwa matanga Kawangware na mtoto, hukusikia. Kuna kitu kilikuja na upepo. Watu wa kwenu wakasema ni nyawawa, wale pepo wa ziwani, kila mtu agonge chuma kwa mlango wake kipite. Tukakisukuma, nyumba kwa nyumba, mpaka kikafika kwa miti yako. Huko hakuna mtu wa kugonga. Kikatulia."

"Na wewe Mkamba ukagonga?"

"Ningefanya aje? Ningenyamaza kingeingia kwangu!"

Nereah alishikwa na hasira. Walizoea kumtupia mavi, sasa wanamtupia na majini!

"Kesho nakirudisha kwenu," alisema.

"Mama Celine, wachana na hiyo kitu. Tafadhali."

Kesho yake jua likizama alimfungia Celine ndani. "Nyamaza kabisa. Hata ukisikia nini, usitoe sauti mpaka nirudi." Akachukua sepetu, akasukuma wilbaro hadi bustanini.

Majani hayakucheza. Alipopiga wilbaro mara ya kwanza, kitu fulani kilivuta pumzi nyuma ya benchi. Akapiga tena, akipaza sauti kwamba hapa ni pa watoto, na harufu ile ikamjia puani na kooni, na njia aliyoichonga mwenyewe ikaanza kutota maji chini ya miguu yake, na miti ikainama mmoja baada ya mwingine kana kwamba mtu mzito anapita kati yake akishikilia matawi, naye akazidi kupiga, akilia, akitukana, mpaka upepo ukamvuka kichwani na kupanda kuelekea Gatwekera.

Huko juu mabati yakaitikia. Safu ya kwanza ya nyumba, ya pili, ya tatu. Nereah akacheka kwa sauti. Wacha na wao waonje!

Kisha kelele zikakatika zote kwa pamoja, na hazikuwa zimefika mwisho wa mtaa. Zilikatikia kwenye safu yake. Hapo ndipo akakumbuka nyumba pekee isiyokuwa na mtu wa kugonga.

Alikimbia. Majirani walikuwa wamesimama milangoni, sufuria mikononi, wakiutazama mlango wake.

"Mtoto yuko ndani!" alipiga kelele. "Mbona hamkumgongea?"

"Kila mtu na mlango wake," mama mmoja alinong'ona.

Akafungua kufuli. Celine alikuwa ameketi sakafuni, nguo zimelowa chapachapa, tope midomoni. Alikuwa amenyamaza kama alivyoagizwa. Alimtazama mamake bila kupepesa, na pumzi iliyomtoka ilikuwa ile ile ya nyuma ya benchi.

Nereah alimbeba, mzito kuliko mtoto yeyote, akatoka naye nje.

"Nisaidieni," alisema. "Musyoka, nisaidie. Ni Celine, unamjua."

Musyoka alikuwa akilia. Alirudi nyuma hadi mlangoni kwake, akainua sufuria, akaanza kugonga.