Samaki wa Mathew

Kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai, Chepkurui alikuwa amefanya kazi ya watu watatu. Alikuwa amekamua ng'ombe na kuchuma chai mistari miwili. Alikuwa pia amemnawisha mumewe, Mathew, akamvalisha sweta na kumketisha kwenye kiti chake sebuleni. Ndipo alipotazama ndani ya tangi la samaki. Samaki mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu.

Mathew alikuwa ameshamwona. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha vidole vitatu. Walibaki watatu. Kisha akageuza uso, akatazama ukuta.

"Baba Kipyegon, kunywa uji kwanza," Chepkurui akamwambia.

Mathew akasukuma kikombe kando. Uji ukapoa mpaka ukaganda juu.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha Mathew katikati ya shamba lake hapa Boito. Upande wa kulia ukafa. Maneno nayo yakampotea. Mtu aliyekuwa akiombwa kuzungumza katika kila harusi alibaki na "eh" na "a-a" tu. Miezi ikapita, hataki kula, hataki kuona mtu. Ndipo mwanao Kipyegon, mwenye duka la saruji huko Roret, alipomletea tangi la kioo lenye samaki sita wa rangi ya chungwa. Siku hiyo Mathew alitazama samaki hadi jioni, akala ugali wote. Chepkurui alitoka nje akalia kwa furaha.

Sasa samaki walikuwa wanakufa. Kila alipokufa mmoja, Mathew alikaa siku mbili bila kula. Amekonda, mifupa ya mabega inahesabika. Chepkurui aliwaza, "Wakiisha hawa watatu, naye atakwenda." Hakuthubutu kumwambia mtu wazo hilo. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Akaamua kuwatoa kwa mtu kabla hawajaisha, Mathew asiwaone wakifa. Alivuka njia hadi kwa jirani yake, Ojwang, fundi wa umeme katika kiwanda cha chai. Ojwang alitoka ziwani, kwa walaji wa samaki, lakini nyumbani alikuwa na tangi la kuwafuga, na majirani hawakuchoka kumtania.

"Ojwang, kuja uchukue hawa samaki," Chepkurui akasema. "Kwangu wanakufa tu. Wewe mtu wa ziwani unawajua."

"Mama, sisi tunawajua kwenye sahani," Ojwang akajibu akicheka. Alipoona macho yake, akaacha kucheka. "Twende nione kwanza."

Ojwang aliinama mbele ya tangi. Juu ya tangi palikuwa na kipande cha mbao, kimebana kabisa, kimevimba kwa unyevu. Kando kulikuwa na balbu kubwa inayowaka, na ndani pampu ndogo. Maji yalikuwa ya kijani.

"Hii mbao ni ya nini?"

"Mmoja aliruka nje, paka akamkula. Nikafunika."

"Kufunika ni vizuri. Lakini hapa hewa haiingii. Na taa unazima saa ngapi?"

"Sizimi. Niliona wataogopa giza. Hiyo pampu ndiyo nazima usiku, ndio tokeni za umeme zisiishe."

Ojwang akashika kichwa. "Aki mama! Umegeuza mambo. Pampu ndiyo inawapa hewa na kusafisha maji. Isizimwe hata usiku. Inakula umeme kidogo sana kuliko hiyo balbu. Taa ndiyo ya kuzimwa. Ikiwaka usiku kucha samaki hawapumziki, na maji yanaota ukijani."

Kisha akatoa kichujio, kile kipande cha sponji ambamo maji hupita yakivutwa na pampu. Kilikuwa cheupe, safi kama kipya.

"Hii unaosha na nini?"

Hapo Chepkurui akainua kichwa kidogo. Boito nzima inajua vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya mgando. Hakuna maziwa yaliyowahi kuharibikia kwake. "Naosha kila asubuhi, kama kibuyu," akasema. "Nasugua na sabuni, halafu namwagia maji yamechemka. Uchafu haubaki hata kidogo."

Ojwang akaigeuza ile sponji mkononi. Alitafuta maneno ya upole, akayakosa, akasema tu ukweli. "Ndani ya sponji kunaishi vijidudu vizuri, hatuwezi kuviona. Vinakula sumu inayotoka kwa kinyesi cha samaki. Ukimwagia maji moto vinakufa. Sumu inabaki kwa maji."

Chepkurui akakaa chini sakafuni. "Kumbe ni mimi nimewaua. Kwa mikono yangu."

"Hukujua."

"Nilikuwa naamka saa kumi na moja, Ojwang! Saa kumi na moja na hii baridi, niwaoshee!" Alilia kwa sauti, na Mathew akageuka kumtazama.

Alasiri hiyo walianza kazi. Ojwang alitengeneza fremu nyepesi ya mbao, akaigongelea wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Hewa ikapita, paka akashindwa. Mfuniko huo uligharimu kama bei ya kilo mbili za sukari. Badala ya balbu kubwa aliweka ndogo ya LED, juu ya mfuniko, mbali na maji. Waya aliuacha uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

"Kabla ya kutia mkono kwa maji, chomoa kila kitu," akaonya. "Taa iwake saa tano asubuhi, izimwe saa moja jioni. Sponji suuza mara moja kwa wiki mbili, ndani ya ndoo ya maji uliyochota kwa hili tangi. Bila sabuni. Itabaki na rangi ya udongo. Iache hivyo."

"Vijidudu vitarudi?"

"Vitachukua wiki kadhaa. Kwa sasa walishe kidogo sana, na ubadilishe robo ya maji kila siku mbili. Tumia maji yaliyokaa ndooni siku nzima. Siwezi kukuahidi, mama. Tumechelewa."

Kweli walikuwa wamechelewa. Siku ya nne samaki mmoja alikufa. Mathew akaonyesha vidole viwili, akakataa chakula tena. Chepkurui alimwomba Mungu kwa hasira. Lakini ndoo aliibeba, na sponji ile chafu aliiacha, ingawa mikono ilimwasha kuisugua.

Wiki ikapita, na nyingine. Wale wawili wakaanza kuogelea karibu na kioo. Ukijani ukapungua. Mathew akarudia uji, kijiko kimoja, kisha viwili. Mguu haukuamka, wala mkono. Daktari alikuwa amesema huenda visiamke kamwe.

Jioni moja, mwezi wa pili tangu waanze kazi ile, Chepkurui alichelewa na ng'ombe aliyekuwa akizaa. Aliporudi ndani ilikuwa imepita saa moja na nusu usiku. Alianza kukoka moto sebuleni bila kuvua buti. Nyuma yake akasikia sauti nzito, inayojikwaa.

"Taa."

Akageuka. Mathew alikuwa amekunja uso kwa juhudi, jasho kwenye paji.

"Zima taa," Mathew akasema. "Wa... wanataka kulala."

Chepkurui alikwenda akazima taa. Kisha akakaa chini kando ya kile kiti, gizani, akaushika ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akasema, "Haya, Baba Kipyegon. Nimezima."