Namba Nzuri za Daftari la Mama

Mama ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake. Cherehani iko dirishani, vitambaa viko juu ya kochi, na kando ya pasi kuna kikombe cha chai yenye vijiko vinne vya sukari. Baba ni dereva wa lori, kwa hiyo siku nyingi yuko njiani.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni, nangoja matokeo ya mtihani. Bwenini nilisifika kwa kazi moja tukufu: kutia saini za wazazi wa wenzangu kwenye barua za ruhusa. Sikuwahi kukamatwa. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Kliniki walimpima, wakamkuta na kisukari cha mimba. Nesi alimpa kipimo kidogo cha sukari na daftari.

"Choma kidole mara nne kwa siku," alisema. "Asubuhi kabla ya kula, isizidi 5.3. Saa mbili baada ya kila mlo, isizidi 6.7. Andika unachokiona."

Siku ya tatu, tone la damu lilidondokea shati jeupe la sare. Mama alikuwa na mashati arobaini ya kumaliza.

"Vidole hivi ndivyo jembe langu," alilalamika. "Nikivitoboa nitashona na nini? Meno?"

"Mama mzazi," nilisema kwa heshima zote, "niachie daftari. Nina kipaji."

"Wewe mtoto utanifungisha!" Alicheka. Lakini alinipa kalamu.

Nikaandika 5.0. Nikaandika 6.3. Mara mojamoja 6.6, tusionekane tunajisifu.

Baada ya wiki mbili tulilipeleka kliniki. Nesi aliposoma, alitabasamu. "Hongera, mama. Huhitaji dawa." Tulitoka tumeuma midomo tusicheke. Kicheko kile bado kinanichoma.

Siku chache baadaye Mama alianza kunywa maji jagi zima kwa mkupuo. Alichoka hata kukanyaga cherehani. Tukarudi kliniki. Nesi akampima mwenyewe: 12.1. Hakugomba. Alichukua kipimo chetu, akabonyeza kitufe.

"Hiki kina kumbukumbu," alisema. "Hakijatumika siku kumi na tisa. Nani ameandika haya?"

Mama alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi, shangazi."

"Una mwandiko mzuri. Sasa sikiliza, binti. Sukari ikizidi kwa mama, inapita kwa mtoto. Mtoto anakuwa mkubwa mno, kumzaa kunakuwa hatari. Akizaliwa, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Daftari ndilo linaloniambia kama chakula kinatosha au dawa inahitajika. Uliponidanganya, nami nikamdanganya mama yako."

"Ni mashati, dada," Mama alinong'ona. "Damu inayachafua."

"Si ungeniambia?" Nesi akashika mkono wake wa kushoto. "Choma pembeni mwa kidole, si katikati. Badilisha vidole. Bana kwa pamba mpaka pakauke. Dakika mbili, unarudi kazini."

Dakika mbili. Tulikuwa tumezikwepa siku kumi na tisa.

Mama alianza sindano za insulini. Nesi alituhakikishia kwamba hazimdhuru mtoto. Nusu ya sahani ikawa mboga, robo wali, robo maharage au samaki. Hakuruka mlo. Chai ilibaki, sukari ikaondoka. Baada ya kula tulitembea hadi mwisho wa mtaa, na mimi ndiye niliyemchoma kidole. Namba zilishuka.

Lakini mtoto alikuwa ameshakua kupita kiasi. Mama alizaa kwa upasuaji. Sukari ya mdogo wangu ilishuka, akawekwa siku nne kwenye chumba cha uangalizi. Kila baada ya saa chache walimchoma kisigino, naye alilia, kisha wakaandika namba: 1.8, 2.1, 2.4. Nilisimama nyuma ya kioo na kipaji changu chote. Hapakuwa na hata namba moja ambayo ningeweza kumwandikia.

Alipona, na sasa ananyonya kama anadai. Wiki ya kumi baada ya kujifungua, Mama alirudi kupimwa, kama nesi alivyoagiza. Hata sukari ikirudi sawa, nesi alisema, apime kila mwaka. Mama akanisogezea daftari. "Haya, mwandishi. Andika."

Nilishika kalamu, nikangoja kwanza kipimo kiseme.