Uwanja Uliogoma Kukauka

— Mvua imenyesha wapi? Kwenye shimo langu peke yake?

Mwenye nyumba alisimama ukingoni akiwa na fulana na kandambili, mikono kiunoni. Mtaa mzima ulimwita Refa. Alikuwa amechezesha mechi za voliboli mpaka akastaafu, na tangu hapo alikuwa anaichezesha familia.

Fundi wa viwanja alichuchumaa. Shimo la uwanja lilichukua nafasi yote nyuma ya nyumba, kingo zimenyooka, likisubiri kokoto, mchanga, kisha zulia la nyasi bandia. Lakini kona iliyo karibu na mlango wa jikoni ilikuwa na dimbwi. Kama jana. Kama juzi.

— Sijui, mzee.

— Hujui! Nimekupa uwanja, nimekupa na binti, halafu unaniambia hujui?

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alikuja kupima uwanja, akampenda binti wa Refa, mfamasia aliyekuwa akimletea chai na kumsikiliza. Alipopeleka posa, Refa alikubali kabla hajamaliza kusema, akaongeza lake: harusi ifanyike juu ya nyasi hizo hizo. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Uwanja usipokamilika, hakuna harusi.

— Funika na kokoto tu. Nani ataona?

— Huu ni mfinyanzi, mzee. Ukiloa unavimba, ukikauka unasinyaa. Nikiufunika mbichi, zulia litakuwa na vilima na mabonde.

— Kwa hiyo bibi harusi wangu angoje udongo?

— Bibi harusi wangu, mzee.

— Ni wangu mpaka nyasi zilale!

Simu ya Fundi ikatetema. Ujumbe ulitoka kwa mchumba wake, aliyekuwa tayari kazini kwenye duka la dawa.

"Pole. Najua baba anakusumbua. Tusogeze tu tarehe, watu wataelewa."

"Hapana," akamjibu. "Nitapata chanzo. Sitakuangusha."

"Sawa."

Aliliangalia lile neno kwa muda. Siku nyingine lingekuja na kimoyo chekundu pembeni.

Siku hiyo alifunga valvu kuu ya maji, akafuata bomba moja baada ya jingine.

— Fundi! sauti ikatoka bafuni. Nina sabuni machoni!

— Vumilia, mzee, napima!

Mabomba yalikuwa mazima. Tangi la jirani halikuvuja. Chemba ya maji machafu ilikuwa mbali, tena upande wa bondeni. Kila maelezo aliyoyashika yalimponyoka. Jioni alichota maji yote, akailainisha kona kwa mwiko mpaka ikawa kama ukuta uliopigwa plasta, akaenda kwake akiwa haelewi kitu.

Asubuhi dimbwi lilikuwa limerudi. Safari hii mfinyanzi ulikuwa umeshika nyayo za kandambili, kutoka mlango wa jikoni hadi majini, kisha kurudi. Wakati wa kwenda, mguu wa kulia ulizama zaidi. Wakati wa kurudi, miguu yote miwili ilizama sawa. Mtu alikuja na kitu kizito mkono wa kulia, akaondoka nacho kikiwa kitupu. Nyayo zilikuwa ndogo, na mguu wa Refa ulikuwa kama mtumbwi. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Akampigia mchumba wake.

— Uko wapi?

— Chumbani, najiandaa. Kuna nini?

— Njoo huku nyuma.

Alitoka na koti lake jeupe mkononi. Akaziona nyayo, akasimama.

— Ni wewe, Fundi alisema.

— Ni mimi.

— Ndoo ngapi?

— Yaani hilo ndilo swali lako la kwanza?



— Kuna mwanaume mwingine?

— Hakuna.

— Hunipendi?

— Nakupenda.

— Basi sielewi.

— Hata mimi sielewi vizuri. Ningekuwa naelewa ningesema, nisingebeba ndoo alfajiri kama mwizi.

Akalihamisha koti mkono huu, akalirudisha mkono ule.

— Ulimwambia baba unataka kunioa. Baba akanitangazia kwamba naolewa. Shangazi akanipigia kuhusu gauni. Wewe ukaniuliza nyasi ziwe kijani kibichi au kijani kilichokolea. Kama nataka kuolewa, hakuna aliyeniuliza.

— Lakini ulitabasamu.

— Watu walikuwa wanapiga vigelegele! Ulitaka nikohoe?

— Ungeniambia.

— Saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unanieleza habari za kokoto.

Fundi alitafuta kichwani jioni moja tu ya kumpinga nayo. Hakuipata.

— Basi nakuuliza sasa.

— Usiniulize sasa. Sasa unauliza kwa sababu ya kadi.

— Kuna nini hapa? Refa alitokea na mswaki mdomoni. Mbona kazi imesimama?

Binti alimtazama Fundi. Neno moja, "bomba", lingetosha kumwokoa binti na hasira za baba yake, na harusi ingebaki pale pale.

— Mzee, tufute ile tarehe, Fundi alisema. Sikumuuliza binti yako kama ananitaka.

— Si nilikujibu mimi?

— Ndipo nilipokosea.

Refa akamgeukia binti.

— Kwani humtaki?

— Sijui, baba.

— Hujui! Huyu hajui maji yanatoka wapi, huyu hajui kama anataka mume!

— Maji najua. Niliyamwaga mimi.

Refa akaketi taratibu juu ya zulia la nyasi lililoviringishwa. Akautoa mswaki mdomoni.

— Mama yako alinikataa mara ya kwanza, alisema. Nikalia kwenye basi, mbele za watu.

— Hukuwahi kuniambia.

— Ningekwambiaje kitu kama hicho?

Walioalikwa walipigiwa simu, mmoja mmoja, na Refa mwenyewe. Udongo ukakauka. Kokoto zikashindiliwa, mchanga ukasawazishwa, zulia likatandikwa.

Jioni ya kazi ya mwisho, Fundi alikuwa akipiga brashi ili mchanga uzame kati ya nyasi. Binti alivua viatu, akatembea hadi alipokuwa.

— Mbona umenyamaza?

— Najizuia.

— Usiongelee kokoto?

— Nisikuulize. Naogopa utanikatalia.

— Niulize.

Akaweka brashi chini.

— Unataka kuolewa na mimi?

Binti akainama, akapitisha vidole kwenye nyasi. Jikoni sufuria likaanguka.

— Baba, toka dirishani!

Kisha akamtazama Fundi usoni.

— Nataka. Lakini si kwenye huu uwanja.

— Popote.

— Haiwezekani! dirisha likapiga kelele. Sasa huu nimemjengea nani?

— Ukae nao tu, baba, binti alisema, akimfuta Fundi mchanga shavuni. Sisi tutatafuta ukumbi.