Maji Inasema Nini Leo, Mama?

«Toka mu nyumba yangu, Mama! Utoke kabla ile samaki ya mwisho haijakufa!»

Aliyeyatamka maneno hayo hakuwa mlevi wa njiani, wala adui yangu.

Alikuwa Hénoc... mwanangu wa pekee, niliyemlea peke yangu tangu baba yake alipofariki.

Nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya bwawa lake, mikono imelowa hadi viwiko, nikimtazama samaki mweupe mwenye doa jekundu kwenye paji la uso. Alikuwa akihema juu ya maji, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa kusema na sauti ikamkataa.

Nyuma ya Hénoc alisimama mke wake, Bénie, mikono yote miwili juu ya tumbo lake la mimba.

Na nyuma ya Bénie alisimama nabii Numbi, amevaa suti nyeupe, Biblia kwapani.

Wasomaji wangu, nawaomba mnisikilize kwa utaratibu. Mimi ni Philomène, mjane, mwalimu mstaafu wa Likasi, mji wa shaba wa Kongo. Nililelewa na masista wa misheni, nao walinifundisha kwamba jambo zito husimuliwa tangu mwanzo wake, bila kuongeza na bila kuficha.

Basi, mwanzo ni huu.

Hénoc hununua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kambove na kuyauza. Mungu alimfungulia njia. Akajenga nyumba, akanipa chumba cha nyuma kinachotazama ua.

Jioni moja alikuja kuketi nami, akiwa na furaha ya mtoto.

«Mama, minye ninataka bassin, bwawa, mu ua. Nitatia samaki za rangi, zile za Wajapani. Zinaitwa koi.»

«Tutawala lini?»

«Mama! Haziliwi!»

«Samaki asiyeliwa, Hénoc? Shangazi yako Émérence anauza samaki kule ziwa Tshangalele. Akisikia hayo, atafunga kwa maombi juu yako.»

Tulicheka hadi Bénie akatoka jikoni kutazama kuna nini.

Kisha Hénoc akashusha sauti.

«Mama, ni juu ya mutoto. Bénie akizaa, mutoto akuwe na kitu kizuri ya kuangalia.»

Sikucheka tena. Bénie alikuwa amepoteza mimba zilizotangulia, na katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kulitaja jina la mtoto kabla hajazaliwa. Bwawa lile lilikuwa sala ya mwanangu. Nililielewa hivyo, nikalipenda.

Shimo likachimbwa. Likatandikwa turubai nene nyeusi ya mpira. Pembeni yakapangwa mawe meupe, na pampu ikayapandisha maji juu ya mawe hayo ili yashuke tena kama maporomoko madogo. Maji yenyewe yalikuwa ya mvua, tuliyoyakinga kwenye mapipa.

Hénoc alitaka kuwaleta samaki juma lile lile. Nilimkatalia.

«Maji mapya hayajui kubeba samaki,» nilimwambia. «Uchafu wa samaki ni sumu kwa samaki mwenyewe. Ngoja kichujio cha pampu kiote vijidudu vyema vya kuila sumu hiyo. Nitatupia chakula kidogo kioze humo, nami nitapima.»

Alikuwa amenunua kisanduku cha kupimia maji, chenye chupa ndogo za dawa na vijibomba vya kioo. Maelezo yake yalikuwa ya Kifaransa, ameyakunja bila kuyasoma. Niliyasoma mimi.

Kila asubuhi nilichota maji kwenye kijibomba, nikadondosha dawa, nikatikisa, nikasubiri rangi. Dawa ya amonia, yaani sumu ya uchafu ule, ikibaki manjano, maji ni salama. Ikigeuka kijani, ni hatari. Ya nitriti, sumu ya pili inayozaliwa na ile ya kwanza, ikibaki buluu, vema. Ikiwa zambarau, samaki asitiwe humo.

Nami nilihesabu matone kwa kunong'ona, kwa Kifaransa, kama Sista alivyonifundisha zamani kuhesabu dawa za wagonjwa, nisije nikakosea.

Un... deux... trois...

Kumbukeni mnong'ono huo. Ndio ulioniponza.

Jioni Hénoc alinipigia simu kutoka Kambove, daima kwa swali moja.

«Mama, maji inasema nini leo?»

«Yanasema ungoje.»

«Maji ile inajua sana kusema, weh!»

«Yana mwalimu.»

Hizo, wasomaji wangu, ndizo siku njema za mwisho nilizokaa na mwanangu.

Hatimaye amonia ikashuka, nitriti ikashuka. Jambo moja tu lilinisumbua: maji ya mvua yalikuwa laini mno, hayana chokaa ndani yake, na kipimo kilionesha asidi inaongezeka. Nikamwomba Hénoc alete mawe ya chokaa. Akasema atayaleta. Akasahau.

Samaki wakafika kutoka Zambia katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Weupe, wekundu, wa dhahabu. Nikaielekeza mifuko ielee kwanza juu ya bwawa, ili samaki wazoee ubaridi wa maji polepole. Bénie aliketi akawatazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nilipomjua kuwa na mimba ile.

Halafu wakaanza kufa...

Kwanza yule wa dhahabu. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine. Walikataa chakula, wakajisugua kwenye turubai, wakapanda juu kuhema.

Nilipima. Manjano. Buluu. Safi!

Nilibadilisha sehemu ya maji, nikapima tena. Safi!

«Mama, maji inasema nini?»

«Yanasema ni mazuri, Hénoc.»

«Sasa nani anaziua?»

Nilirudi kupima mara ya tatu. Safi tena. Na wakati mimi ninapima, mwingine akasema.

Nabii Numbi anasalisha watu chini ya mabati karibu na reli. Bénie alikuwa akienda kwake tangu alipopoteza mimba ya kwanza, nami sikumzuia, kwa maana mwanamke anayelia ana haki ya kupiga magoti anapoweza.

Asubuhi ile niliyoanza nayo, Numbi aliingia uani pamoja na Hénoc na Bénie.

«Bwana Hénoc,» alisema, «si nilikuambia? Kila asubuhi anainama juu ya maji. Anatia matone. Ananong'ona. Muntu mwenye haki anaongea na maji?»

«Ninahesabu matone!» nilisema. «Un, deux, trois! Njoo nikuoneshe!»

«Mu luga ya wazungu. Banamufundisha uchawi mbali.»

«Nilifundishwa darasani, bwana mdogo, wakati baba yako hajaoa!»

Bénie alianza kulia.

«Maman, leo ni samaki... Kesho ni mutoto wangu?»

Swali hilo lilinichoma kuliko tusi lolote. Kwa sababu hakuliuliza kwa chuki. Aliliuliza kwa hofu, akiwa amekumbatia tumbo lake.

Nikamgeukia mwanangu.

«Hénoc. Wewe ndiwe uliyeniuliza kila siku maji yanasema nini. Unajua ninachofanya na chupa hizi.»

Naye akasema neno ambalo sikulitarajia.

«Ni weye mwenyewe ulisema maji iko muzuri. Kama maji haina kosa, kosa iko wapi? Iko kwa muntu.»

Mnaona? Ukweli wangu ukawa shahidi dhidi yangu. Laiti ningelikuwa mwongo, nikasema maji ni mabaya, nisingelishtakiwa.

Ndipo aliponiambia nitoke. Akasema tena na tena.

Sikulia mbele yao. Nilisema jambo moja tu.

«Nitatoka. Lakini samaki huyu hatakufa kwa ajili ya ubishi wetu. Nipeni beseni na maji ya pipa.»

Hakuna aliyesogea. Nilikwenda kuyachota mwenyewe. Nikarudi, nikaingia bwawani na nguo zangu, nikamzingira yule samaki mweupe taratibu hadi kwenye mawe ya maporomoko, mahali ambapo hangeweza kunikwepa.

Nikamwinua. Nikamlaza katika beseni.

Na nilipoinua kichwa, macho yangu yakawa usawa wa yale mawe meupe.

Palikuwa na mchirizi. Mwembamba, unaoshuka pamoja na maji.

Wa kijani!

Wasomaji wangu, mtoto yeyote aliyezaliwa Likasi anaujua ukijani ule. Tunauona kwenye mawe, kwenye udongo, kwenye nguo za wachimbaji. Ule si mwani wala ukungu. Ile ni shaba.

Nikakumbuka bustani ya misheni. Sista alinyunyizia nyanya mrututu, dawa ya buluu inayotengenezwa kwa shaba, na alituapisha tusithubutu kusuuza ndoo zake kwenye bwawa la samaki. «Shaba kidogo tu,» alisema, «na hamtakula samaki mwaka mzima.» Na katika kile kisanduku cha Hénoc hapakuwa na chupa ya kupima shaba.

«Hénoc, nani aliyeyapanga mawe haya?»

Alimtazama nabii.

Nikaliinua jiwe la juu. Nikaliinua la pili.

Chini yake, mahali ambapo maji yote ya bwawa yalipita usiku na mchana, palilazwa msalaba wa shaba.

Niliutambua kabla sijaugusa. Mikono minne iliyo sawa, mizito, mmojawapo wa misalaba iliyofuliwa na wazee wetu kabla ya migodi na kabla ya wamisheni. Ulitolewa mahari kwa ajili ya bibi yangu. Bibi alimpa mama, mama akanipa mimi, nami nilimpa Hénoc siku ya ndoa yake.

Lakini mimi nilimpa ukiwa mweusi kwa umri. Huu ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, isipokuwa pale maji yalipoula na kuugeuza kijani.

«Ni nani aliyeusugua?»

«Ni minye,» Bénie alinong'ona. «Kwa ndimu na chumvi. Nabii alisema ung'ae.»

Numbi akatazama saa yake. «Ni msalaba,» alisema. «Niliuombea. Msalaba haiwezi kuua.»

«Huu haukuwa msalaba wa kanisa, bwana. Hii ilikuwa mali ya kuolea. Ni shaba tupu! Umeagiza ioshwe kwa ndimu na kuwekwa katika maji laini yasiyo na chokaa. Yameilamba hadi yakawa sumu!»

Nabii akasema ana wagonjwa wanaomngoja. Akatoka na suti yake nyeupe, wala hakufunga mlango wa ua.

Tukabaki watatu, na samaki ndani ya beseni.

Nilikuwa tayari kusamehe palepale. Nilidhani, kwa upumbavu wa mama, kwamba mwanangu aliuweka msalaba ule kwa heshima ya bibi yangu, ili mtoto wake akue karibu na kitu cha ukoo.

«Mwanangu, kwa nini uliuficha chini ya mawe?»

Hénoc alitazama chini.

«Mama... nabii alisema uzuie.»

«Uzuie nini?»

Akaanza kuyapanga upya mawe niliyoyainua.

«Hénoc. Uzuie nini?»

«Mukono yako.»

Niliushika ukingo wa bwawa.

«Uliuweka lini? Baada ya samaki wa kwanza kufa?»

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

«Kabla. Kabla samaki hazijafika, Mama. Nabii alikuona unapima maji ya bure, hakuna samaki... Akaniambia. Nikaogopa.»

Kabla!

Kumbe kila jioni aliponiuliza, akicheka, maji yanasema nini, msalaba ulikuwa tayari chini ya jiwe. Samaki hata mmoja hakuwa amekufa. Mimi sikuwa nimeshukiwa kwa sababu walikufa... walikufa kwa sababu nilishukiwa.

Hénoc alipiga magoti ndani ya maji, suruali yake nzuri ikalowa, akaniomba kwa wingi wa heshima.

«Mama, munisamehe. Musiende. Ninawaomba musiende.»

Bénie naye akaja, akaishika mikono yangu iliyolowa, akaiweka juu ya tumbo lake mwenyewe. Mtoto alicheza chini ya kiganja changu.

Niliwasamehe. Neno hilo nililitamka kwa sauti, ili lisikike na lisije likabishaniwa baadaye.

Kisha nikamwonesha Hénoc jinsi ya kupima. Nikamwambia ayamwage maji yote, asafishe turubai, atie mawe ya chokaa, na asimrudishe samaki kabla sijakubali. Nikamshika kidole akadondosha dawa. Alipoanza kuhesabu, alihesabu kwa kunong'ona.

Hapo ndipo nililia.

Kesho yake niliondoka; nilisamehe, lakini sikuweza tena kulala katika nyumba niliyoogopwa. Sasa ninakaa kwa wifi yangu Émérence, Tshangalele, kati ya watu wanaovua samaki wa kuliwa, nao wananiita Mwalimu.

Samaki mweupe yu hai. Mtoto wa Bénie alizaliwa salama, msichana, wakampa jina langu. Nilikwenda, nikampakata, nikambariki. Kisha nikarudi ziwani.

Ndugu msomaji, kipimo kikikuambia maji ni safi na samaki bado wanakufa, usikimbilie kutafuta mtu wa kumlaumu. Uliza ni kitu gani ambacho hujakipima. Na ukishaanza kumwogopa mama yako, au ndugu yako, mwambie ana kwa ana siku ileile. Usiifiche hofu hiyo chini ya jiwe, kwa maana itavuja, nawe hutaiona mpaka waliokutegemea wawe wamekufa.

Kila asubuhi simu yangu hulia. Ni picha ya kijibomba cha kioo, cha manjano au cha buluu, mkononi mwa mwanangu. Na chini yake, maneno yaleyale.

«Mama, maji inasema nini leo?»

Ninaitazama vizuri ile rangi, nami ninamjibu kwa usahihi, kuhusu maji.

La zaidi ya maji, bado sijapata la kumjibu.