Mnada wa Sauti

Haya yalimpata kaka wa jirani yangu, mtu niliyemfahamu tangu akiwa na sauti.

Watu wote walimwita Dalali, na kweli kazi yake ilikuwa kunadi vitu vya watu. Alijaliwa koo la ajabu. Angeweza kukuuzia kiti cha miguu mitatu, ukaenda nacho nyumbani unacheka, mkeo ndiye akuulize mguu wa nne uko wapi. Jumamosi ile mchana, jua likiwaka na nguo zikikauka kambani, alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta ya mezani, hedifoni masikioni, maiki karibu na mdomo, machozi yakimlengalenga. Jumatatu asubuhi angelazwa. Daktari alikwisha kumwambia bila kuzunguka: uvimbe wa kooni utatolewa, na sauti itaondoka nao.

Hakuulilia mnada. Alimlilia binti yake wa miaka mitano, waliyembandika jina la Kasuku kwa kuwa alirudia kila alichosikia. Kasuku halali bila hadithi ya baba, na Dalali alitaka kumrekodia hadithi zote za kitabu chao kabla ya Jumatatu. Kwanza alijaribu kwa simu. Mtoto akasikiliza, akakunja uso. "Huyu siyo baba," akasema, akaenda zake kucheza. Maneno yale yalimchoma kuliko ya daktari. Ndipo kaka wa mkewe, fundi wa kompyuta, akamwazima maiki nzuri.

Kompyuta alikuwa nayo. Aliipata mwaka uliopita, ndugu wa marehemu mmoja walipompa kazi ya kunadi vyombo vyote vya ndani. Siku ile mjane alimshika mkono. "Kaka yangu, sauti ya mume wangu imo humo. Vyuma uzeni, mimi niachieni sauti tu." Kumnakilia faili zile kungechukua nusu saa. Lakini watu walikuwa wamejaa, na Dalali akiona watu hajizuii. "Jamani, leo nina sauti ya mtu hapa! Nani anaongeza?" Uwanja mzima ukacheka. Mjane akaondoka bila kugeuka nyuma. Dalali akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyundo ya mnada mkononi, lakini kompyuta ikakosa mnunuzi, akaichukua mwenyewe na kufuta kila kilichokuwamo.

Sasa ilikuwa inamkwaruzia. Kila alipofikisha sentensi mbili sauti yake ilikwama, ikakatika, ikatoa mlio wa bisi zinazopasuka sufuriani. Alirudia hadithi ya kwanza mara tisa, na mara zote tisa ikaharibika.

Akampigia fundi. "Shemeji, nakufa mimi!"

"Hufi. Chomoa hiyo maiki, chomeka kwenye tundu la nyuma. Ya mbele huwa yamechoka."

Akachomeka nyuma, akaanza kusoma. Mikwaruzo ikapungua. Ila ndani ya hedifoni, chini kabisa ya maneno yake, akaisikia sauti yake ikisema kitu ambacho yeye hakukisema.

"Mara ya kwanza."

Akajipa moyo. Labda ameropoka mwenyewe, mazoea ya kazi. Akamwambia fundi mikwaruzo bado ipo.

"Funga programu zote, zima na intaneti," fundi akasema. "Halafu nenda kwenye mipangilio ya umeme, itoe kwenye kubana matumizi."

Akafanya yote. Akasoma ukurasa mzima, mikwaruzo michache tu. Alipotua kuvuta pumzi, sauti kwenye hedifoni haikutua.

"Mara ya pili."

Akavua hedifoni. Mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Umeniita?" mkewe akauliza.

"Sijakuita." Ilitoka nyembamba, nusu ya sauti aliyoamka nayo.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliangalia saa ukutani. Aliuona uso wa binti yake ukikunjamana, akaona usiku mmoja baada ya mwingine, mtoto macho makavu, baba pembeni ya kitanda hana la kusema. Hapana. Heri lolote kuliko hilo.

"Shemeji," akanong'ona kwenye simu, "kuna mtu anaongea humu ndani."

Fundi akacheka. "Ni wewe unajirudia. Sikiliza, imebaki bafa. Sauti ikiingia, kompyuta huishikilia kidogo, halafu inaiachia. Ukiipa nafasi ndogo inazidiwa, inakwaruza. Wewe ipe nafasi kubwa, hadi mwisho. Itachelewa kukurudia, lakini itakuwa safi."

"Lakini itaiachia?"

"Itaachia nini?"

"Sauti yangu."

"Shemeji, kanywe maji."

Akaivuta bafa hadi mwisho.

Mikwaruzo ikakoma, kabisa. Akasoma sentensi. Kimya. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kisha sauti yake ikamjia masikioni, nzito, safi, ile ya uwanjani. Akalia kwa furaha. Akasoma hadithi ya pili, ya tatu, hadi zote kumi na moja, bila kuvua hedifoni. Mkewe alikuja kusema kwamba aliona midomo yake ikicheza kwa saa nzima na hakusikia neno. Alidhani anajizoeza.

Alipofunga kitabu, akangoja zile sekunde tatu.

"Mara ya tatu."

Nyundo ikagonga.

Akavua hedifoni amwite mkewe. Mdomo ukafunguka. Hakukutoka kitu.

Jumatatu daktari alimwingiza kamera kooni, akatazama, akaita na mwenzake. Uvimbe haukuwapo. "Koo zima kabisa," akasema. "Nendeni nyumbani." Mkewe alishukuru njia nzima. Dalali alikuwa ameshika shingo.

Fundi, aliyebaki na mtoto, walimkuta mlangoni mwa sebule. Alikuwa amesimama peke yake, uso umempauka. Mkononi alishika waya wa umeme wa kompyuta, kichwa cha waya kikining'inia.

"Nimeichomoa," akanong'ona. "Nimeichomoa tangu saa mbili."

Kasuku alikuwa amekaa mbele ya spika, miguu ikibembea.

"Baba, halafu sungura akaenda wapi?"

Sekunde moja. Mbili. Tatu.

"Akaenda kwao, mwanangu."

Katika hadithi zote kumi na moja hakukuwa na sungura.

Dalali akasogea taratibu, akamwekea mtoto mkono begani. Spika zikanyamaza. Moja. Mbili. Tatu.

"Kasuku, huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?"

Mtoto akageuka. Dalali akapiga magoti mbele yake. Akajikaza kwa nguvu zote alizokuwa nazo, aseme neno moja tu, "baba", basi. Na kitu kikatoka. Kikakwaruza. Kikakwama, kikakatika, bisi zikampasukia kooni.

Kasuku akamtazama, akakunja uso, akaigeukia kompyuta.

"Simjui," akasema. "Huyu siyo baba."